Kupaka Upya Visanduku na Samani Ndogo za Mbao Bila Kifuniko Kugandana

Kazi ya rangi kwenye kisanduku cha mbao mara nyingi haiharibikii juu ya kifuniko, pale macho yanapotua kwanza. Huharibikia ukingoni, kifuniko kinapokutana na mwili: rangi inagandana, ukivuta inabanduka na kuacha mbao tupu. Ndivyo ilivyo pia kwa droo ya meza ndogo, mlango wa kabati na stuli zinazopangwa moja juu ya nyingine. Popote mbao inapogusana na mbao, unene wa rangi na muda wa kukomaa kwake ndivyo vinavyoamua kama kazi itadumu. Jambo hili lifikiriwe tangu hatua ya kwanza, kwa sababu ukilikumbuka siku ya kufunga kifuniko utakuwa umechelewa.

Chunguza kilichopo kabla ya kushika msasa

Geuza kitu chako utafute mahali pasipoonekana: chini ya kitako, upande wa ndani wa kifuniko, nyuma ya mguu. Lowesha pamba kwa spiriti, ibane hapo kwa nusu dakika, kisha futa. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia na pale mahali pakawa pananata, hiyo ni shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya lakeri kwa njia ileile. Utando ukilainika, ni lakeri. Vyote viwili vikishindwa, ulicho nacho ni vanishi ya mafuta au poliurethani. Kama kitu kimepakwa rangi inayoficha mbao, spiriti peke yake inatosha: rangi ya maji hulainika na kuacha alama kwenye pamba, rangi ya mafuta haitikisiki.

Jaribio hili la dakika mbili linaokoa kazi ya siku tatu. Thina kali juu ya rangi ya mafuta ya zamani huifanya ikunjamane kama utando wa maziwa. Rangi ya maji iliyopakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa hukauka vizuri na kupendeza, halafu baada ya wiki chache inakwanguka kwa ukucha, maana haikupata pa kushika.

Nta na silikoni ni maadui wa aina nyingine. Dondosha tone la maji: likisimama kama shanga, huenda juu kuna nta. Iondoe kwa kitambaa kilicholoweshwa tapentaini, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, mara mbili au tatu, kabla msasa haujagusa mbao. Ukianza na msasa utakuwa unaisukuma nta ndani ya vinyweleo. Silikoni hutoka kwenye baadhi ya polishi za kupuliza, na haionekani mpaka upake: rangi au vanishi mpya inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo vinavyofanana na macho ya samaki. Kuongeza mkono mwingine wa rangi hakuvizibi. Futa yote ikiwa bado mbichi, osha kwa tapentaini, acha ikauke, paka mkono mmoja mwembamba wa shelaki kuifungia silikoni chini, kisha anza upya.

Halafu kuna risasi. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Samani ya umri usioujua ichukulie kuwa ina risasi mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Usiipige msasa mkavu na usiichome kwa bomba la hewa ya moto, kwa sababu vumbi na mvuke wake huingia mwilini, na mtoto mdogo hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Tumia msasa wa maji, mbao ikiwa imeloweshwa, futa tope kwa karatasi za kutupa, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, na watoto pamoja na wajawazito wakae mbali na mahali pa kazi. Kama rangi hiyo bado imeshika imara, kuifunika kwa praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ni salama zaidi kuliko kuikwangua. Kitu cha kuchezea mtoto chenye rangi ya namna hiyo usikipake upya. Kiondoe kabisa katika matumizi.

Si kila rangi ya zamani inastahili kuondolewa. Chora kwa wembe mistari sita, umbali wa milimita 2, kisha mingine sita ikikatiza ile ya kwanza. Bandika tepu inayoshika sana juu yake, ikandamize, ivute kwa ghafla. Vyumba vile vidogo vikibaki mahali pake, safisha, piga msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe, na upake juu. Vikitoka na tepu, rangi yote iondoke, kwa sababu rangi mpya haiwezi kushika kuliko ile iliyo chini yake.

Dawa ya kuondoa rangi, ile nzito kama jeli, ni rahisi kwa kitu kidogo: paka nene kwa brashi kuukuu, acha dakika 15 hadi 30 au kama kopo linavyosema, kisha kwangua kwa kikwangulio cha plastiki. Cha chuma huchimba mbao iliyolainika. Soma kopo uone kama kuna dikloromethani, kiyeyushi chenye mvuke wa sumu. Marekani ilizuia mwaka 2019 dawa za aina hiyo kuuzwa kwa watu wa kawaida, baada ya vifo vya waliozitumia katika vyumba visivyopitisha hewa. Chagua isiyo nayo, hata kama itakuchukua saa kadhaa zaidi.

Vua kila kinachofunguka, kisha pima nafasi

Bawaba, komeo, vishikio na kitasa vyote vitoke. Kuzungushia tepu bawaba badala ya kuifungua kunaonekana kama njia fupi, lakini rangi hujikusanya kando ya tepu na kuacha ukuta mdogo unaoanza kupasuka kila bawaba inapojikunja. Tia skrubu za kila bawaba katika bahasha yake na uandike ilikotoka. Ndani ya kifuniko na ndani ya mwili weka alama ya penseli, upande unaokutana na upande, kwa sababu visanduku vingi vya mkono havina mraba kamili na kifuniko hukaa vizuri kwa upande mmoja tu.

Sasa hesabu. Mkono mmoja wa rangi ukikauka huacha utando wa takriban milimita 0.03 hadi 0.05. Praima mkono mmoja na rangi mikono miwili ni kama milimita 0.1 hadi 0.15 kwa kila uso. Kifuniko chenye mdomo unaoingia ndani ya kisanduku kina nyuso mbili zinazotazamana, hivyo nafasi inayoliwa ni milimita 0.2 hadi 0.3 kila upande. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1. Funga kifuniko kabla ya kupaka na uingize karatasi tatu pamoja katika pengo: zikipita bila kulazimishwa, unaweza kupaka nyuso zote. Zisipopita, una njia mbili, ama upunguze mdomo kwa msasa namba 120 uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, ama uache nyuso za kukutana bila rangi kabisa, uzipake shelaki nyembamba tu. Kwa visanduku vya zamani vilivyotengenezwa kwa ustadi, njia ya pili ndiyo bora. Kifuniko kilichobana vizuri ni kazi ya fundi aliyekitengeneza, na hakistahili kukatwa ili kipishe rangi.

Droo ni hivyohivyo. Paka uso wa mbele na kingo zake, mbavu ziache.

Matengenezo

Kiungo kilicholegea kifunguliwe chote, si kudondoshewa gundi juu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri juu ya gundi iliyokauka. Ikwangue mpaka uone mbao, paka gundi mpya nyuso zote mbili, bana kwa klampu au kwa mikanda ya mpira ya tairi la baiskeli iliyozungushwa, na pima pembe kwa pembe: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kisanduku kiko mraba. Acha kimebanwa saa moja, usikifanyie kazi mpaka siku ya pili. Gundi iliyofurika ifutwe kwa kitambaa chenye maji mara moja. Ukiiacha, chini ya vanishi itaonekana kama doa jeupe ambalo halikubali rangi.

Kibonyeo kilichotokana na kugongwa, ambapo nyuzi zimeshindiliwa lakini hazijakatika, hakihitaji kujazwa. Kwenye mbao iliyokwisha vuliwa rangi, weka matone ya maji juu yake, subiri dakika tano, weka kitambaa chenye unyevu na uguse kwa ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke huzivimbisha nyuzi na kuzirudisha juu. Rudia mara mbili tatu. Usifanye hivi juu ya vinia, ule utando mwembamba wa mbao uliobandikwa juu ya ubao mwingine, kwani joto hulainisha gundi yake na vinia inainuka.

Mashimo na nyufa chini ya rangi yazibwe kwa fila ya mbao, ijazwe ikizidi kidogo kwa kuwa husinyaa ikikauka. Shimo lenye kina zaidi ya milimita 3 lijazwe kwa awamu mbili. Chini ya vanishi fila hubaki kama doa hata ikiandikwa kuwa inapokea rangi, kwa hiyo hapo tumia nta ya rangi inayofanana, mwishoni kabisa, baada ya vanishi. Tundu la skrubu lililopanuka jaza kwa njiti za kibiriti bila vichwa zilizopakwa gundi, kata sawasawa na uso, na utoboe upya kesho yake.

Doa jeupe la mviringo lililoachwa na chombo cha moto liko ndani ya utando wa juu tu, na litaondoka pamoja na vanishi ya zamani. Doa jeusi ni jingine: chuma na maji vimeshikana na tanini iliyo ndani ya mbao, na msasa utachimba sana kabla ya kuliona likipungua. Asidi ya oksali ndiyo dawa yake. Yeyusha katika maji ya uvuguvugu ndani ya chombo cha plastiki au kioo, paka uso mzima wa ubao badala ya doa peke yake, acha usiku kucha, kisha suuza mara tatu. Ni sumu, vaa glavu na miwani, na usipige msasa kabla ya kusuuza, maana vumbi lake linachoma pua na koo.

Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini unaodondoka chini yake, bungua bado wamo. Tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao na usubiri uhakikishe unga haurudi, ndipo uzibe. Rangi haiwaui.

Msasa

Namba ndogo ni kali, namba kubwa ni laini. Kwa mbao yenye mabaki ya rangi anza na 80 au 100, kisha 120, kisha 180. Kwa mbao safi anza na 120. Usiruke: mikwaruzo ya namba 80 haiondolewi na namba 220, hung'arishwa tu, na chini ya rangi inayong'aa itaonekana yote. Kwa rangi inayoficha mbao simamia 180. Kwa steini (rangi inayopenya mbao bila kuificha) na vanishi simamia 180 au 220. Ukifika 400 umeziba vinyweleo na steini haitaingia.

Fuata mkondo wa nyuzi. Msasa ukizungushiwa kipande cha mbao au koki, uso unabaki bapa. Ukisukumwa kwa vidole unachimba sehemu laini na kuacha mawimbi. Vinia nyingi za kisasa zina unene usiofika milimita 1, hivyo mashine isiguse hapo, tumia mkono na namba 180 kwa dakika chache.

Pembe kali zivunje kidogo, kiasi cha milimita moja. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali na kuiacha na utando mwembamba sana, na hapo ndipo inapoanza kuliwa. Mapigo matatu manne ya namba 180 kwa kila ukingo yanatosha. Ncha za mbao, zile zinazoonyesha nyuzi zilizokatwa, hunywa zaidi kuliko uso. Zipige namba moja juu ya ulipoishia kwingine ili zisiwe nyeusi kuliko zote.

Kama utatumia rangi au vanishi ya maji, pangusa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, halafu pitisha namba 220 kwa wepesi. Maji huziinua nyuzi, na ni afadhali ziinuke sasa kuliko chini ya mkono wa kwanza.

Praima, vifundo na ule unjano unaorudi

Msonobari una vifundo vyenye utomvu. Mwaloni, mkangazi, mwerezi na msaji zina tanini au mafuta yanayopenya kwenda juu. Rangi nyeupe ya maji ikipakwa juu yake, maji yaliyomo huyeyusha tanini na kuivuta mpaka juu, na baada ya saa chache unaona madoa ya njano au kahawia. Mikono mitano ya rangi haitayafuta kwa sababu kila mkono unaleta maji mengine. Kinachoyazuia ni shelaki, kwani kiyeyushi chake ni spiriti: mikono miwili myembamba ya shelaki isiyo na nta juu ya vifundo, au praima ya shelaki kwenye uso wote. Ikishakauka, rangi yoyote inapita juu.

Mbao nyingine zinatosheka na praima ya maji au ya mafuta, kulingana na rangi itakayofuata. Kingo za MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, hunywa kama sifongo na kubaki na manyoya. Zipe praima, piga msasa namba 240 zikikauka, zipe tena. Juu ya rangi ya mafuta ya zamani iliyobaki, tumia praima ya kushikia, hata kama umeua mng'ao kwa msasa.

Kupaka

Lita moja ya rangi hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kisanduku cha sentimita 30 kwa 20 kwa 15 kina eneo la nje la mita za mraba 0.27, yaani mililita 27 kwa mkono. Nje na ndani, mikono miwili, hazifiki mililita 120. Kopo la robo lita linatosha na kubaki, kwa hiyo weka akili yako kwenye ubora wa rangi na brashi.

Brashi ya nywele za plastiki ni ya rangi ya maji, kwa sababu nywele za mnyama hunywa maji na kulegea. Ya nywele za mnyama ni ya mafuta. Upana wa milimita 25 unafaa visanduku, milimita 40 stuli na meza ndogo. Koroga rangi kwa kijiti bapa hadi chini, usiitikise, hasa vanishi, maana viputo huchukua muda kutoka. Ichuje kwa soksi nyembamba ya nailoni kuingia katika chombo kidogo, na uchovye brashi humo. Brashi iliyogusa vumbi ikirudi koponi inachafua rangi yote. Chovya theluthi ya nywele tu.

Mfuatano wa kupaka kisanduku tunaoupendekeza ni huu:

1. Ndani ya mwili na ndani ya kifuniko, kama utapapaka.
2. Nyuso za kukutana, mkono mwembamba sana, brashi karibu kavu.
3. Kitako. Kikikauka, kiweke juu ya vipande vinne vya mbao vilivyopigiwa misumari midogo, ncha zikitazama juu.
4. Mbavu, moja baada ya nyingine, ukivuta rangi kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, ukingo unakamua brashi na rangi inachuruzika upande wa pili.
5. Juu ya kifuniko mwisho.

Stuli na kiti kipinduliwe kwanza: miguu na chini, kisha kigeuzwe upake kikalio. Mlango wenye fremu huanzia paneli ya kati, kisha mbao za kulala, kisha za kusimama.

Ubao mwembamba wa kifuniko upakwe pande zote mbili idadi ileile ya mikono. Upande usiopakwa hupokea na kutoa unyevu haraka kuliko ule uliozibwa, na ubao unapinda.

Paka nyembamba. Mkono mnene hukauka juu na kubaki laini chini, na rangi ya mafuta iliyopakwa hivyo hukunjamana. Tandaza, kisha pitisha ncha za brashi mara moja kwa wepesi kufuata nyuzi, na uondoke. Rangi ya maji huanza kushika ndani ya dakika chache. Ukirudi kurekebisha tone ulilolikosa, brashi inaacha mifereji. Mchirizi ulioganda uache ukauke kabisa, siku mbili ikibidi, uukate kwa wembe ulioshikwa bapa, kisha msasa 320. Ukiusugua ungali laini ndani, utararuka na kuacha shimo.

Kati ya mkono na mkono: rangi ya maji saa 2 hadi 4, ya mafuta saa 16 hadi 24, halafu msasa 320 mpaka upate vumbi jeupe. Msasa ukiziba kwa vinundu vinavyonata, rangi haijakauka bado, lebo iseme itakavyosema. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kwa rangi ya maji, au chenye tapentaini kidogo kwa ya mafuta. Joto la nyuzi 15 hadi 25 ndilo bora. Juani uso huganda kabla kiyeyushi hakijatoka chini, nacho kikitoka kinainua malengelenge. Kwenye joto kali ongeza maji hadi asilimia 5 katika rangi ya maji, au tapentaini hadi asilimia 10 katika ya mafuta.

Ukitaka mbao ionekane

Steini ipakwe kwa kitambaa, iachwe dakika chache, ifutwe yote. Kinachobaki juu bila kufutwa hakikauki vizuri na vanishi haishiki hapo. Msonobari hunywa bila usawa na kutoka na mawingu. Uzuie kwanza kwa shelaki nyembamba, gramu 120 za magamba kwa lita ya spiriti.

Kwa visanduku, shelaki ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Gramu 60 katika mililita 250 za spiriti, usiku mmoja iyeyuke, ichuje, iandike tarehe. Hukauka upesi kiasi cha kupaka mikono mitatu kwa siku, haigandani kama rangi, na ikichunika mkono mpya huungana na wa zamani. Udhaifu wake ni pombe na joto, kwa hiyo haifai juu ya meza. Siku ya unyevu mwingi hutoka na ukungu mweupe kwa kuwa umande umenaswa ndani; subiri siku kavu, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na ukungu unaondoka. Shelaki iliyokaa zaidi ya miezi sita idondoshe kwanza kwenye kioo: kesho yake ikinata, itupe.

Sehemu ya juu ya meza inataka poliurethani, mikono mitatu, wa kwanza ukiongezewa tapentaini asilimia 10. Usiipake juu ya shelaki yenye nta, itabanduka. Na usitumie ya mafuta juu ya rangi nyeupe. Hugeuka njano, tumia ya maji.

Ndani ya kisanduku kinachofungwa au droo, usipake mafuta ya kitani wala vanishi ya mafuta. Harufu haina pa kutokea, itakaa miezi na kuingia katika chochote utakachohifadhi. Shelaki au mbao tupu.

Vitambaa vilivyotumika na mafuta ya kitani huwaka vyenyewe. Mafuta yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi mpaka moto unazuka, saa kadhaa baada ya wewe kuondoka. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikauke vikakamae, au vitumbukize katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Hili halina njia ya mkato.

Kukauka si kukomaa

Rangi ya maji haishiki mkononi baada ya saa moja, lakini huchukua wiki tatu hadi nne kuwa ngumu kabisa. Ya mafuta huweza kufika mwezi. Katika muda huo nyuso mbili zilizobanwa pamoja huungana hata kama zilionekana kavu, na uzito wa kifuniko peke yake unatosha. Kiache wazi angalau wiki moja, wiki mbili kama hewa ni ya baridi au yenye unyevu, kisha ukifunge ukiweka vipande vya karatasi yenye nta kati ya kingo mpaka mwezi uishe. Jaribu kwa ukucha mahali pa siri: ukiacha alama, bado.

Kikishakomaa, sugua mshumaa mweupe kwenye nyuso za kukutana na kwenye mbavu za droo, kisha futa kwa kitambaa. Usifanye hivyo mapema, maana utahitaji pengine kugusia rangi, na nta haipakiki.

Rudisha bawaba mwisho. Safisha tundu za skrubu zilizoingia rangi kwa biti ndogo ukiizungusha kwa vidole. Skrubu za shaba nyeupe ni laini na hukatika shingo. Ingiza kwanza skrubu ya chuma ya kipimo kilekile ikatengeneze njia, itoe, kisha weka ya shaba ikiwa imepakwa nta. Kaza kwa mkono, bisibisi ikijaa kwenye mfereji wa kichwa, na funga kifuniko polepole mara ya kwanza ukiangalia kama kinagusa kando zote kwa pamoja. Kikigusa upande wa bawaba kwanza, legeza skrubu, weka kipande cha karatasi nyuma ya bawaba, kaza tena.